Chaji ya sumaku: barabarani inafaa, kibandani bado

Tangazo la chaji isiyotumia waya huonyesha meza safi, kikombe cha kahawa na simu iliyolazwa juu ya kisahani cheupe. Vumbi halimo. Huku Ngara na Biharamulo, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, vumbi lipo, tena jekundu, na wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti huingia kila penye upenyo. Upenyo mmojawapo ni tundu la chaji. Kaa kwa fundi simu yeyote pale Nyakanazi utamwona akirudia kazi ileile: sindano mkononi, tochi mdomoni, anachokoa uchafu tunduni, na mwenye simu kasimama pembeni akieleza kwamba chaji inaingia pale tu waya unapokunjwa upande wa kushoto. Uchafu ukitoka na chaji bado ikagoma, simu inafunguliwa, na hapo gharama ni nyingine.

Hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya kuitetea chaji ya sumaku, yaani chaji isiyotumia waya ambayo kisahani chake huinasa simu kwa sumaku, na naiona nzito kuliko zote zinazopigiwa debe. Simu isiyochomekwa kitu haichakazi tundu lake. Ndani ya kisahani mna koili ya waya wa shaba. Umeme unaogeuka mwelekeo ukipita humo huzaa uga wa sumaku, na uga huo huamsha umeme kwenye koili ya pili iliyo mgongoni mwa simu. Mwanasayansi Michael Faraday alilionyesha jambo hilo mwaka 1831. Sumaku zenyewe, zilizopangwa duara kuizunguka koili, hazichaji chochote. Kazi yake ni kuivuta simu ikae mahali pake, koili ielekeane na koili. Bila hizo, simu ikisogea kidogo usiku, asubuhi unaikuta na asilimia ileile uliyolala nayo.

Palm ya Marekani iliuza kituo cha kuchajia cha namna hiyo mwaka 2009, soko halikushtuka. Apple ikaurudisha mpango huo kwenye iPhone 12, Oktoba 2020, kwa jina la MagSafe, na mwaka 2023 ukaingizwa kwenye kiwango cha Qi2 ambacho kampuni yoyote inaweza kukifuata. Lakini kwa mnunuzi wa Rulenge au Biharamulo mjini mwaka wenye maana ni 2024, Infinix ilipotoa simu za Note 40, kadhaa zikiwa na chaji ya sumaku ya hadi wati 20. Koili iko ndani ya simu, sumaku ziko kwenye kava. Infinix iko chini ya Transsion ya Shenzhen, walewale wenye Tecno na Itel, na simu zao ndizo zinazojaa rafu za maduka yetu. Kwa hiyo suala hili si la wenye iPhone peke yao tena.

Lawama ya kwanza dhidi ya chaji hii ni kwamba inapoteza umeme. Ni kweli, lakini hesabu lazima ifanywe kwa kuangalia umeme wenyewe unatoka wapi. Betri ya simu ya 5000 mAh hubeba kama wati-saa 19. Kwa waya, ukihesabu joto la chaja na la betri, utavuta ukutani wati-saa 23 au 24. Kwa sumaku utavuta 30, pengine 32. Tofauti ni kama wati-saa nane kwa kila mara unapojaza simu.

Mtu mwenye Luku, yaani umeme wa gridi wa kulipia kabla, hana haja ya kuumia kichwa. Miji ya Ngara na Biharamulo iliwahi kutegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na enzi hizo kila wati ilikuwa na gharama ya kusafirisha mafuta. Leo gridi imefika, na palepale mpakani na Rwanda maporomoko ya Rusumo yanazalisha megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, fungu letu likija kwa njia ya Nyakanazi. Wati-saa nane kila siku kwa mwaka mzima hazifiki uniti tatu. Kwa mteja wa kawaida anayelipa kama Sh350 kwa uniti pamoja na kodi, hasara yote ya mwaka ni karibu Sh1,000. Mwenye kulalamikia hilo huku taa ya nje inawaka mpaka saa nne asubuhi anatania.

Mwenye sola ni habari nyingine. Chukua paneli ya wati 10 juu ya bati, kijijini ambako nguzo hazijafika. Siku ya jua zuri, baada ya hasara za betri na nyaya, anabaki na wati-saa 30 hivi za kutumia. Akichaji simu kubwa kwa waya, kinachobaki kinawasha taa ya LED ya wati moja na nusu kwa saa nne, na watoto wanasoma. Akichaji kwa sumaku, simu imekula yote. Zile wati-saa nane ambazo mwenye Luku hazioni kwenye bili, huku ndizo taa ya jioni. Tena pato la USB la mfumo mdogo wa sola kwa kawaida ni volti 5 na ampea moja au mbili, wakati visahani vya wati 15 hudai kichwa cha chaja cha wati 20 au zaidi. Ukikilisha kidogo, kinadondosha chaji tone kwa tone, na jua linazama simu ikiwa nusu.

Kwenye kibanda cha kuchajia simu hali ni ngumu zaidi. Mtu analipa Sh300, mahali pengine Sh500, anaacha simu yake asubuhi na kuifuata jioni. Mwenye kibanda anaishi kwa wingi: ekstensheni imejaa vichwa, nyaya zimefungwa vifundo, simu zimerundikwa kwenye boksi kila moja na kikaratasi cha jina. Rundo hilo haliwezekani kwa sumaku, maana kila simu inataka kisahani chake na nafasi yake tambarare. Halafu nyingi kati ya simu hizo ni vitochi, zile simu ndogo za vitufe, na kitochi hakina koili. Hata wakala wa miamala, ambaye ungedhani ndiye wa kwanza kunufaika kwa kuwa simu yake haipumziki, mara nyingi kazi yake anaifanyia kwenye kitochi.

Mahali ambapo sumaku inastahili heshima ni barabarani. Malori ya Rwanda na Burundi hupita Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura na Benako kuelekea mpaka wa Rusumo au wa Kabanga, na dereva anahitaji simu usoni kwa ramani na kwa simu za tajiri. Waya uliochomekwa kwenye simu inayorukaruka mashimoni hutikisa tundu mchana kutwa, na ndiyo maana tundu za simu za madereva hulegea mapema. Kishikio cha sumaku kinachochaji kinaondoa mtikisiko huo. Dereva anabandika na kubandua kwa mkono mmoja. Ila asikiweke kwenye kioo kinachopigwa na jua. Chaji ya namna hii huzaa joto mgongoni mwa simu, jua linaongeza lake, na simu nyingi hujilinda kwa kupunguza chaji au kuikata. Betri za lithiamu zinazochemka kila siku huzeeka kabla ya wakati. Na sumaku hafifu za bei ya kutupa hazihimili barabara mbovu: shimo moja, simu iko chini ya pedali.

Mambo mawili ya kiafya na ya mfukoni yatajwe upesi. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asibebe simu au chaja za sumaku kwenye mfuko wa shati; Apple yenyewe inashauri umbali wa zaidi ya sentimeta 15, na zaidi ya 30 simu ikiwa inachaji bila waya. Na kadi ya benki isikae kati ya simu na kisahani: ule mstari mweusi wa nyuma huenda usipone, na hata chipu inaweza kuharibika.

Kuna sumaku nyingine iliyotangulia kutufikia, na wengi ukiwatajia chaji ya sumaku ndiyo wanayoifikiria: waya wenye ncha ya kubandika. Kipande kidogo kinabaki kimechomekwa kwenye simu, waya unanasa wenyewe ukisogezwa. Wamachinga wanao. Una faida kubwa kwa huku, kwa sababu kile kipande kinaziba tundu lisiingie vumbi, na hakuna wati inayopotea hewani. Ubaya wake wanaufahamu vizuri wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Biharamulo. Wakishaosha mchanga kwenye karai, hupitisha sumaku kuondoa mchanga mweusi wenye chuma. Sasa weka ncha ya waya huo mfukoni au sakafuni katika eneo la machimbo: itaokota mchanga uleule, na hapo chembe za chuma zinakaa katikati ya vidole vya umeme vilivyo wazi. Shoti ikitokea, inatokea kwenye simu. Anayeutumia aufute kila mara kabla ya kuubandika, na asiuache na umeme usiku kucha juu ya godoro.

   

Kwa hiyo msimamo wangu hauko sawa kwa kila mtu. Mwenye Luku na simu yenye koili, anunue akipenda. Hasara yake ni ndogo na tundu lake litadumu. Dereva anunue kishikio kizuri au aache. Kibanda na kaya ya sola wabaki na waya, na anayetaka kuwasaidia hao awaletee nyaya imara kwanza. Mradi wowote wa sola vijijini utakaoweka kisahani cha sumaku kwenye kifurushi kwa ajili ya kuonekana wa kisasa utakuwa unawanyang'anya watu taa.

Ninachokitaka kwa Shirika la Viwango (TBS) ni kidogo: boksi la chaja hizi liandikwe kwa Kiswahili wati zinazoifikia simu na kichwa kinachohitajika, siyo namba moja kubwa ya kuvutia macho. Mpaka hilo lifanyike, mnunuzi aombe kuchaji simu yake palepale dukani kwa dakika kumi na tano, ikiwa na kava lake la kila siku, kisha aishike mgongoni na aangalie asilimia. Ikiwa imechemka na namba haijasogea, arudishe kisahani rafuni, anunue waya mzuri wa Type-C na kizibo cha tundu, na atabaki na chenji ya nauli ya bodaboda.