Chuma cha Lindi na Mizani ya Mnunuzi

Sheria yetu ya Mambo ya Kale, iliyotungwa mwaka 1964 na kurekebishwa mwaka 1979, huyahesabu majengo na vyombo vilivyofanywa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863 kuwa amana ya taifa bila ya kungoja tamko la mtu, na kwa milango na miimo iliyotiwa nakshi ikalegeza kamba hadi mwaka 1940, kwa kuwa waliotunga sheria ile walitambua, na walitambua sawasawa, kwamba mlango wa Kilwa waweza kung'olewa na kusafirishwa ng'ambo hali fundi aliyeuchonga yungali hai. Zaidi ya mipaka hiyo, kitu hakina kinga mpaka mwenye mamlaka akitangaze kwa jina. Ndiyo sababu magofu ya Husuni Kubwa, yaliyotiwa pamoja na Kilwa Kisiwani nzima katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yana mlinzi na wageni wake, ilhali injini iliyoshushwa kwa tishali katika bandari ya Lindi miaka sabini na kitu iliyopita haina mlinzi ila kutu, wala haina mthamini ila mnunuzi wa chuma chakavu aliyekuja na mizani yake ya kuning'iniza.

Shauri lililo mbele yetu, basi, ni hili: mashine na magari ya zamani yaliyosalia katika miji inayofifia ya pwani ya kusini, tangu Kilwa Kivinje mpaka Lindi na viunga vyake kama Mitwero, yauzwe kwa uzito yakayeyushwe kuwa nondo, ama yahifadhiwe, na yakiwa ni ya kuhifadhiwa, yahifadhiwe na nani, kwa fedha ya nani, na kwa faida ipi? Watu wengi hulijibu swali hili upesi, kila mmoja kwa upande wake. Rai yangu ni kwamba halijibiki mpaka mtu adhukuru kwanza vyuma vile vilikuja kufanya nini, na vilipokoma viliacha nini.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Daktari Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika pwani ya Tanga ingali hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache ikaenea milki ya mashamba ambayo Lindi nayo ilipata fungu lake, Kikwetu likiwa mojawapo. Katika shamba kubwa moyo wa kazi ulikuwa korona, mashine yenye ngoma mbili zilizofungwa vyuma butu, zizungukazo kwa kasi ya kutisha. Jani hulazwa likachukuliwa na kamba au mnyororo, ngoma ya kwanza ikaliponda na kulikwangua nusu yake, kisha likabadilishwa mshiko njiani bila ya kusimama, ngoma ya pili ikamaliza nusu iliyobaki, na maji yakachukua utomvu na nyama ya jani, mwisho wake zikatoka nyuzi zilizo rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majani mabichi, tayari kupelekwa kuanikwa. Mtu hahitaji kuelezwa na mwalimu jinsi nguvu ya injini inavyohamishwa kwa mkanda kutoka gurudumu hadi gurudumu. Akisimama mbele ya korona huyaona yote kwa macho. Na akiutazama vizuri ule mdomo wa kulishia majani ataelewa pia kwa nini wazee waliofanya kazi mkongeni huzitaja mashine hizo kwa heshima iliyochanganyika na hofu, maana pana dole na mkono uliopotelea humo. Waliokata majani wengi walikuwa manamba, watu walioandikwa kwa mikataba wakaletwa kutoka mbali, wengine wakivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi. Baadaye kamba za plastiki zikaiangusha bei, mwaka 1967 mashamba mengi yakatwaliwa na serikali, na korona zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Kabla ya hapo ilikwisha kuja karanga, na kisa chake kimesimuliwa mara nyingi kwa namna ya masihara hata machungu yake kwa Lindi yamesahaulika. Uingereza, iliyotoka vitani na njaa ya mafuta ya kupikia, ilianza mwaka 1947 kutekeleza azma ya kulima ekari zaidi ya milioni 3 za karanga katika Tanganyika, pale Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta hayakutosha, basi yakanunuliwa makuukuu yaliyoachwa na majeshi ya Marekani huko Ufilipino, na kampuni ya Vickers ikavigeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick, yaani chombo kilichoundwa kuua watu kikatumwa kung'oa mibuyu, na mibuyu ikakishinda. Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikaribia 7,500. Mapema mwaka 1951 mpango ukavunjwa, pauni zaidi ya milioni 35 zikiwa zimekwisha kwenda na maji.

Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli. Ilianzia Mkwaya, katika hori la Lindi, maana vifaa havikuweza kungoja. Lakini wataalamu walikwisha kuamua kwamba bandari ya haki, yenye kina cha kupokea meli ubavuni mwa gati, iwe Mtwara. Tangu mwaka 1952 makao makuu ya Jimbo la Kusini yakahama Lindi kwenda Mtwara, gati likafunguliwa mwaka 1954 pamoja na reli yake, mwaka 1958 njia ikafika Masasi, na mwaka 1962, kwa kuwa mzigo haukuwapo, reli nzima ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Nani atafanya insafu ya hesabu hii? Lindi, mji uliokuwa na forodha, maduka na makazi ya wakuu wa jimbo, ulipoteza ukuu wake kwa sababu ya karanga ambazo hazikuota, na reli iliyoupokonya daraja hiyo haikudumu hata miaka kumi na tano. Nachingwea walau ilipata kazi nyingine yenye sharafu, ikawa kambi ya FRELIMO ambamo wapigania uhuru wa Msumbiji walifunzwa. Lindi ilibaki na tishali zake.

Ilibaki pia na malori, na hapo ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa sababu gari la kusini lina tarikhi isiyofanana na ya gari la Dar es Salaam. Kabla ya Daraja la Mkapa juu ya Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, na kabla ya lami kukamilika baina ya Ndundu na Somanga miaka mingine kama kumi baadaye, masika yalipoingia safari ya Lindi ilikuwa ni ya tope, na abiria alilala njiani bila ya kumlaumu mtu. Katika hali hiyo dereva na utingo wake walilazimika kuwa mafundi, wakichonga kwa mti mgumu kilichohitaji kuwa cha chuma, wakifunga springi iliyovunjika kwa mpira wa matairi, wakipiga hendeli alfajiri pale betri ilipokataa. Bedford, Albion na Land Rover zilizokwisha kutupwa katika nchi zilikoundwa ziliendelea kubeba korosho na ufuta huku kwetu, na mkweche ambao mtu wa mjini angeucheka ulikuwa ndio uhai wa soko.

Huko Mitwero nimepata kuiona chesisi ya lori la namna hiyo chini ya mwembe. Macho yangu ya kwanza yaliniambia kuwa gari limekufa. Nilipolizunguka nikatanabahi kuwa limegawanywa. Springi za nyuma hazipo, kwa kuwa chuma cha springi ndicho wahunzi wanachokipenda kuliko chote kwa kufulia mapanga na nyengo. Boneti limekuwa paa la banda la kuku. Tangi la mafuta limepasuliwa kwa urefu likawa la kunyweshea mbuzi, na mlango mmoja, ungali na kitasa chake, umefungwa kwa waya kuwa lango la bustani ya mchicha. Kilichosalia ni ile mihimili miwili mirefu ya chuma isiyokatika kwa msumeno wa mkono, na ekseli ya mbele. Pande zote mbili za mjadala huu, wanaotaka kuuza na wanaotaka kuhifadhi, hulisahau jambo hili, kwamba kijiji kina njia yake ya tatu ya kurithi gari, nayo ni ya zamani kuliko makumbusho na ni ya adabu kuliko tanuri.

Hoja ya wanaotaka kuuza haifai kudharauliwa. Hewa ya chumvi haingoji kamati, na chuma kisichopakwa grisi wala rangi huliwa mpaka kikawa vumbi jekundu; familia yenye ada za shule za kulipa haiwezi kuombwa itunze gofu la trekta kwa ajili ya hisia za msafiri. Aidha nondo zinazotokana na chuma hicho zinajenga madarasa. Haya ni kweli. Lakini biashara hii ina upande mwingine unaofahamika na kila halmashauri: mizani haiulizi chuma kimetoka wapi, na alama za barabarani na kingo za madaraja zimekwisha kupimwa juu yake pamoja na injini za babu zetu. Na bei inayolipwa ni bei ya uzito tu, hata kama kilichomo ndani ni ufundi ambao mwanafunzi wa leo hawezi kuuona mahali pengine.

Wanaotaka kuhifadhi nao hupenda kutoa mfano wa Nairobi, ambako tangu mwaka 1971 yapo makumbusho ya reli, na ambako garimoshi kubwa nambari 5918 limetunzwa kwa jina lake la Mount Gelai. Gelai ni mlima wetu, uko Tanzania; garimoshi lililopewa jina lake liko Kenya, na sina kinyongo, kwani aliyetunza ndiye mwenye haki ya kujivunia. Ila Lindi si Nairobi. Nyumba ya makumbusho inahitaji paa, mishahara na watazamaji wanaolipa, na katika mji ambao mabasi ya Mtwara hupita kwa dakika chache tu, nyumba hiyo ingefunguliwa kwa matarumbeta na kufungwa kwa kufuli kabla ya masika ya tatu.

Mfano unaonituliza zaidi ni wa Kigoma. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande katika masanduku, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikabeba watu na dagaa katika Ziwa Tanganyika kwa miaka karibu mia. Hakuna sheria ya mambo ya kale iliyoiokoa. Iliokolewa na kazi, pamoja na mafundi waliolazimika kuifahamu kila parafujo.

Kwa hiyo nasema vyuma vingi viachwe viende zao, kwa mizani au kwa mhunzi, bila ya majuto. Lakini vichache, korona moja, injini moja ya dizeli ya shamba, lori moja la enzi za tope, vichaguliwe sasa vingali vizima kiasi, vitangazwe kwa jina kama sheria inavyoruhusu, na vipelekwe katika chuo cha VETA Lindi, vikafunguliwe na kufungwa na vijana mpaka viwake. Mashine ya zamani ndiyo mwalimu bora wa ufundi kwa kuwa haifichi kitu. Gari la leo lina kisanduku cha kompyuta ambacho fundi wa gereji ya mtaani hukibadilisha bila ya kujua kilichomo.

Wako watakaosema, korona ni kumbukumbu ya unyonge, ya manamba na mijeledi, na heri iyeyushwe. Watu wa Kilwa Kivinje hawakufikiri hivyo kuhusu Mwembe Kinyonga, waliponyongwa wapiganaji wa Majimaji. Mahali pale panatajwa na kutunzwa, na hakuna anayedhani kuwa kwa kufanya hivyo wanamsifu mnyongaji. Na mifupa ya mijusi mikubwa ya Tendaguru, iliyochukuliwa vichwani na wapagazi mpaka bandari ya Lindi baina ya mwaka 1909 na 1913 na sasa imesimama Berlin kwa kimo cha mita zaidi ya 13, tunaidai kwa sauti kubwa. Ni ajabu kudai kilicho mikononi mwa wengine na kukipima kwa kilo kilicho uani petu.

Lakini sababu iliyonifanya nishike kalamu ni nyingine. Pale Likong'o, katika manispaa hii hii ya Lindi, panakusudiwa kujengwa mtambo mkubwa wa kuchakata gesi asilia iwe kimiminika, makubaliano ya awali yakiwa yalitiwa saini mwezi Juni mwaka 2022, na fedha inayotajwa ni mabilioni ya dola. Hii ni mara ya tatu katika muda wa takriban karne moja kwa pwani hii kuambiwa kwamba mashine kubwa inakuja kuinyanyua, nami sisemi kuwa safari hii itakuwa kama zile mbili. Gesi ya Songosongo, huko Kilwa, imekuwa ikiwasha taa za nchi tangu mwaka 2004. Nasema tu kwamba watakaokaa mezani kwa niaba ya Lindi wangefaa kupita kwanza mbele ya korona. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 imekwisha kuweka masharti ya kuondoa mitambo uzalishaji ukikoma, na hilo ni jema kwa bahari na ardhi. Ila reli ya Nachingwea nayo iliondolewa, na kilichoumiza mji hakikuwa chuma kilichobaki bali ni kwamba hakuna karakana, chuo wala ufundi ulioachwa nyuma yake. Hayo matatu yaandikwe katika mikataba kwa majina na kwa miaka, karakana itakuwa wapi, vijana wangapi wa Mitwero, Mbanja na Kikwetu watafunzwa kabla ya bomba la kwanza kulazwa, na zana zipi zitakuwa mali ya mji siku kampuni itakapofunga hesabu zake.