Damu Yetu Haina Mnunuzi

Kobalti ya Kolwezi ina wanunuzi dunia nzima. Damu ya Kolwezi haina hata mmoja.

Nasema damu, ile inayotiririka mishipani. Minyoo ya safura inainywa, na sisi tumenyamaza. Haihitaji kuingia mdomoni mwako. Mabuu yake hukaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, hupenya ngozi ya mguu mtupu, husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa na mate, kisha hujishikiza kwenye utumbo na kuanza kunywa. Mnyoo wenyewe una urefu wa sentimita moja tu, lakini unaweza kuishi humo miaka kadhaa. Minyoo 100 ya aina ya Ancylostoma huweza kukutoa mililita 15 za damu na zaidi kila siku. Kila siku, ndugu yangu! Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Hiki kimeshapita nguo.

Na wewe unajua kwamba kuna kitu hakiendi sawa. Unamwona kijana anahema kabla ya kufikisha mfuko wa madini juu, unasema ni mvivu. Unamwona mama mjamzito anatafuna udongo, unasema ni tamaa ya mimba. Mtoto anasinzia darasani, unamchapa. Lini uliuliza kama wana damu ya kutosha? Mama huyo akitokwa na damu siku ya kujifungua, ataimwaga ipi wakati nusu imeshanywewa?

Usiniambie kwamba ndivyo mashimo ya madini yalivyo. Mashimo ya Ulaya nayo yaliugua. Mwaka 1880 wafanyakazi wa handaki la Gotthard, kule Uswisi, walikuwa wakianguka kwa upungufu wa damu, na Edoardo Perroncito wa Turin akaonyesha kwamba ni minyoo hii hii. Ikaonekana migodini Cornwall, ikaonekana Liège, kwa Wabelgiji wenyewe. Walifanya nini? Walipima kinyesi cha wachimbaji, wakawatibu, wakaweka vyoo chini ya ardhi. Kampuni ya madini ya Union Minière ilipoanzishwa hapa Katanga mwaka 1906, elimu hiyo ilikuwa tayari mikononi mwa watu.

Zaidi ya karne imepita. Mchimbaji anayeshuka leo kwenye shimo lililochimbwa katikati ya nyumba za mtaa wa Kasulo, choo chake kiko wapi?

Utaniambia kuna vidonge. Vipo, vimeze! Albendazole inafukuza minyoo iliyomo leo, lakini haikuachii kinga yoyote. Kesho unashuka shimoni miguu mitupu, mabuu yanaingia upya. Ni kukumba maji mtumbwini bila kuziba tundu. Tena kampeni za vidonge huwalenga watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Mwanamume mzima anayekanyaga tope mchana kutwa hayumo.

Ndiyo maana tunahitaji chanjo. Na hapa ndipo subira yangu inapoisha.

Miaka ya 1970, Marekani, iliuzwa chanjo ya minyoo ya safura kwa ajili ya mbwa. Mbwa! Ilitengenezwa kwa mabuu yaliyodhoofishwa kwa mionzi, na haikudumu sokoni, kwa sababu biashara yake haikulipa. Mwanadamu je? Mamilioni ya watu duniani wana minyoo hii, na hadi leo hakuna chanjo hata moja iliyoidhinishwa kwa ajili yao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye maabara hatembei miguu mitupu.

Wapo waliojaribu, nawaheshimu. Mwaka 2000 Peter Hotez na wenzake walianzisha mpango wa chanjo ya binadamu. Chanjo yao ya kwanza haikuwadhuru Wamarekani ambao hawakuwahi kuwa na minyoo. Ilipofika Brazili, kwa watu waliokwisha kuambukizwa, ngozi zao zikavimba na kuwasha, jaribio likasimamishwa. Miili yao ilikuwa inamjua mnyoo, ikaishambulia chanjo.

Soma tena hapo. Chanjo iliyo salama kwa asiyejua minyoo si lazima iwe salama kwako wewe wa Kolwezi. Kwa hiyo haiwezi kukamilika bila sisi.

Watafiti hawakukata tamaa. Waligeukia protini ambazo mnyoo huzitumia kumeng'enya damu. Chanjo inaufundisha mwili kutengeneza kinga dhidi ya protini hizo. Mnyoo unapokunywa, unameza na kinga yenyewe, tumbo lake linashindwa kazi. Chanjo hizo zimejaribiwa Lambaréné, nchini Gaboni. Gaboni! Nchi ndogo kuliko majimbo yetu kadhaa yakiunganishwa. Sisi tulikuwa wapi?

Tusidanganyane kwamba Mkongomani hawezi. Dawa ya Ebola iitwayo Ebanga ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995, na Profesa Muyembe na taasisi yetu ya utafiti, INRB, walikuwa ndani ya kazi hiyo hadi mwisho. Damu ya Kikwit iliokoa watu. Ya Kolwezi inanywewa na minyoo.

Fedha? Usinichekeshe. Sheria ya madini ya 2018 inatenga asilimia 10 ya mrabaha kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na kila kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Kizazi kijacho kipi, kama si hicho kilichomo tumboni mwa mama asiye na damu? Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sisi tunategemea huruma ya maabara za Houston na Amsterdam tukiwa tumekalia kobalti.

Amka basi, baba. Amka, mama. Siku kampuni itakapokuja mtaani kwenu kujadili majukumu yake kwa jamii, usiombe jezi za mpira. Uliza choo cha wachimbaji kitajengwa lini, na wapi. Uliza Chuo Kikuu cha Kolwezi kitapewa kiasi gani kupima safura katika mji huu, ili watafiti wa chanjo wakitafuta mahali pa kufanyia kazi, watukute tuko tayari. Wakikujibu kwamba hilo ni la Kinshasa, usiketi.