Programu mlinzi zisizimwe



Nina dukuduku juu ya tabia ya baadhi ya mafundi wenzangu wa kompyuta ya kuzima programu mlinzi katika seva zinazofanya kazi kwa jozi.

Wananchi huambiwa kwamba seva ziko mbili, moja ikifa nyingine inashika kazi. Ni kweli, lakini hazishiki zenyewe. Ndani yake kuna programu ndogo ndogo zinazokesha bila kuonekana, ambazo mafundi tunaziita dimoni (hakuna uchawi hapo, ni jina tu). Katika mfumo wa Pacemaker, unaotumika sana kwenye Linux, dimoni moja huziamsha nyingine zote, na ikifa moja huiamsha tena. Moja huamua kazi gani ifanywe na seva ipi, nyingine huitekeleza. Chini yao iko Corosync, ambayo husikiliza kama seva ya pili ingali hai.

Shida huja pale mawasiliano kati ya seva yanapokatika. Kila moja hudhani mwenzake amekufa, na zote mbili hushika kazi ile ile. Ndiyo maana ipo dimoni ya STONITH, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kumpiga mwenzako risasi ya kichwa. Jina ni la kikatili, lakini kazi yake ni kuikatia umeme seva isiyojibu kabla nyingine haijagusa data. Pacemaker yenyewe hukataa kuanza kazi kama ulinzi huo haujapangwa. Basi fundi mwenye haraka huandika amri moja ya kuuzima, kazi zinaanza, na mkubwa anafurahi.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo miaka iliyopita katika ofisi moja ya malipo. Usiku waya mmoja ukachomoka. Asubuhi tulikuta seva zote mbili zimepokea malipo, kila moja na daftari lake, na hakuna aliyeweza kusema lipi ndilo la kweli. Tulikaa siku tatu tukilinganisha risiti za karatasi, huku watu waliokwisha kulipa wamepanga foleni nje wakiambiwa wanadaiwa.

Wapo watakaosema kwamba hata mlinzi huua. Ni kweli pia. Tarehe 22 Desemba 2012, mtandao wa ndani wa GitHub, Marekani, ulikatika kwa takriban sekunde 90. Baadhi ya jozi za seva zao zilizimana zote mbili, na huduma ikakosekana kwa zaidi ya saa tano. Lakini amri za kuzimana zilitegemea mtandao ule ule uliokatika! Dawa ni kuipatia STONITH njia yake ya pekee, na kuichelewesha sekunde chache upande mmoja ili zisipigane kwa pamoja.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa ofisi wanaonunua seva mbili wadai na kifaa cha kukata umeme. Na kabla ya kutia sahihi ya mapokezi, wamwambie fundi achomoe waya wa mawasiliano mbele yao, mchana, kazi ikiendelea.

Fundi Kompyuta,
Dodoma.