Moiseyev Hakuua Ngoma

Anayedai kwamba mtunzi wa ngoma wa Kisovieti Igor Moiseyev aliziua ngoma za asili kwa kuzivika baleti anamhukumu kwa kazi ambayo si yake. Kundi la ngoma alilolianzisha Moscow mwaka 1937 lilikuwa la jukwaani, si hifadhi ya vijiji. Ngoma kama ile ya wapiganaji wa msituni, au ya mpira wa miguu, alizitunga mwenyewe. Ni kweli, dola ya Kisovieti ilimtumia kuonyesha mataifa yake yakiwa na furaha kuliko yalivyokuwa, na lawama hiyo ina uzito (tena kuliko ile ya baleti). Lakini kuhusu baleti, kijijini mtazamaji huingia uwanjani akacheza. Ukumbini amekaa kitini, amelipa, hajui mila. Ngoma isiyopangwa upya humchosha. Atakaye ya kijijini aifuate huko.