Akina Mama wa Castiglione

Wengi wetu tuna mtoto, ndugu au jirani aitwaye Aloisi. Mtakatifu Aloisi Gonzaga alizaliwa tarehe 9 Machi 1568 huko Castiglione delle Stiviere, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia. Alikuwa mzaliwa wa kwanza wa mtawala wa mji, lakini alimwachia mdogo wake urithi, akawa mtawa Mjesuiti. Mwaka 1591 alifia Roma, akiwa na miaka 23 tu, kwa ugonjwa alioupata akiwahudumia wagonjwa wa tauni.

Mwezi huu tunataka kuwasimulia jambo jingine la mji huo, nalo lilifanywa na akina mama.

Tarehe 24 Juni 1859 majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipigana na jeshi la Austria huko Solferino, kilomita chache kutoka Castiglione. Vita vilidumu kutwa. Watu karibu 40,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Kwa siku chache majeruhi wapatao 9,000 waliletwa Castiglione. Nyumba zilijaa, makanisa yakajaa, wengine wakalazwa barabarani juu ya majani makavu. Maji na chakula vilikuwapo, lakini watu walikufa kwa kiu na njaa kwa sababu mikono ya kuwapa ilikuwa michache. Waganga walihesabika.

Ndipo wanawake wa mji walipotoka majumbani. Walibeba maji, wakapika supu, wakachana mashuka kufungia vidonda. Watoto nao walichota maji kwa ndoo visimani. Katika kanisa kuu la mji, Padre Lorenzo Barzizza aliwapokea majeruhi pamoja na wasaidizi wake.

Lakini palikuwa na swali gumu. Waaustria walikuwa wameitawala nchi hiyo kwa miaka mingi. Je, nao wahudumiwe? Tena uvumi ulipoenea kwamba Waaustria wanarudi, mji mzima ulishikwa na hofu. Hata hivyo wanawake wale hawakubagua. Walimnywesha Mfaransa, wakamnywesha na Mwaustria aliyelala kando yake. Walisema kwamba wote ni ndugu. Bila shaka walijua kwamba kila kijana aliyelala pale alikuwa na mama yake mahali fulani, akimngoja.

Hayo yote yalishuhudiwa na Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi aliyekuwa safarini kumtafuta Kaizari Napoleon III kwa shughuli zake. Aliziacha shughuli hizo, akafanya kazi pamoja na akina mama hao. Mwaka 1862 alitoa kitabu juu ya aliyoyaona. Mwaka 1863 yeye na wenzake wanne waliunda kamati huko Geneva, ambayo ndiyo chanzo cha Msalaba Mwekundu. Mwaka 1864 nchi 12 zilitia sahihi mkataba wa kuwalinda majeruhi wa vita bila kujali upande wao. Mwaka 1901 Dunant alikuwa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya kwanza kabisa.

Majina ya wengi wa wanawake wale hatuyajui. Tunaijua kazi yao. Basi, tunapoona alama ya msalaba mwekundu kwenye gari la wagonjwa au hema la wakimbizi, tuwakumbuke. Na tujiulize: mtoto wa yule tuliyekosana naye akiugua usiku, akabisha mlangoni kwetu, tutamfungulia?