Mpokea Simu Ndiye Huduma

Machi 2023, wafanyakazi wa simu ya msaada ya NEDA, shirika la Marekani linalowahudumia watu wenye matatizo ya ulaji, waliambiwa kwamba kazi yao imefikia mwisho. Simu hiyo ilikuwa imedumu zaidi ya miaka 20, na mwaka uliotangulia ilihudumia karibu watu 70,000 kwa nguvu za waajiriwa wachache na watu wa kujitolea wapatao 200. Siku 4 tu kabla ya kuambiwa hivyo, matokeo ya kura yao ya kuunda chama cha wafanyakazi yalikuwa yamethibitishwa. Wapigaji wangeelekezwa kwenye programu ya kompyuta iitwayo Tessa. Mwishoni mwa Mei, hata kabla ya simu yenyewe kuzimwa, Tessa nayo iliondolewa, baada ya kumshauri mtu aliyewahi kuugua maradhi hayohayo apunguze kati ya kalori 500 na 1,000 kwa siku.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama ajali ya teknolojia: mashine ilikuwa changa, ikapewa kazi kabla ya wakati, basi itafutwe iliyokomaa. Sikubaliani na masimulizi hayo hata kidogo. Kosa lilitendeka Machi, si Mei. Tessa ingekuwa haikosei hata neno, bado uamuzi ule ungekuwa mbaya, kwa sababu waliouchukua waliiona simu ya msaada kama ghala la majibu, na mpokeaji kama mtu wa kuyatoa tu rafuni.

Watetezi wa uamuzi huo wana hoja zao. Foleni zilikuwa ndefu. Simu nzito za watu wanaofikiria kujiua ziliongezeka tangu janga la UVIKO-19, na shirika lilihofia kushtakiwa. Mashine hailali, na wapo wanaoona haya kumweleza binadamu siri zao. Sawa. Lakini foleni ndefu huonyesha kwamba wapokeaji ni wachache, na hofu ya mahakama haikupungua kwa kumkabidhi mgonjwa kwa programu. Shirika lilisema pia kwamba Tessa haikukusudiwa kuchukua nafasi ya simu. Lakini kama simu ingefungwa na Tessa ikabaki, mwenye shida angebakiwa na nini kingine?

Jambo linaloamua mjadala huu, kwa maoni yangu, ni hili: mtu anayepiga simu ya msaada mara nyingi hajui anachohitaji, na swali analoanza nalo silo lililomfanya apige. Marekani na Kanada zina namba 211, ambayo kazi yake ni kumuunganisha mwananchi na huduma za eneo lake: chakula, makazi, matibabu, msaada wa kulipa bili. Ilianzia Atlanta mwaka 1997, na mwaka 2000 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikaitenga namba hiyo kwa kazi hiyo nchi nzima. Wapokeaji wake hufundishwa kumdadisi mpigaji kwanza, ndipo wafungue orodha ya huduma. Anayeulizia mahali pa kupata chakula huulizwa kwa upole imekuwaje hadi akakosa. Hapo huenda ikajulikana kwamba fedha yote imeishia kwenye kodi, kwamba mwenye nyumba ameshatoa notisi, kwamba kuna mtoto mwenye pumu na dawa zimekwisha. Swali lilikuwa moja, shida ni nne, na ile ya chakula ndiyo nyepesi kuliko zote. Programu iliyoulizwa chakula ingetaja anwani ya chakula, tena upesi na bila kosa, na mtu angekata simu akiwa angali mbioni kufukuzwa kwenye nyumba.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa njia ya kufikia huduma ina kona nyingi zisizoandikwa popote. Chukua mama nchini Tanzania anayepiga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto, akauliza tu kama zahanati huwa wazi Jumapili. Mpokeaji makini atataka kujua mtoto ana nini, ameumiaje, na nani yuko hapo nyumbani. Majibu yakianza kutoka, safari nzima inabadilika: kuna fomu ya polisi, PF3, kuna dawati la jinsia na watoto, kuna afisa ustawi wa jamii, na kuna suala la kama ni salama mama huyo kuonekana akiingia kituoni. Orodha inaweza kuyataja yote hayo. Kinachohitaji mtu ni kugundua kwamba mama ameshusha sauti ghafla, au kwamba ametamka "ameanguka" mara tatu pasipo kuulizwa. Simu za watoto duniani kote hupokea pia simu za kimya: mtoto anapiga, hasemi, anakata, anapiga tena. Mpokeaji aliyefunzwa hukaa naye katika kimya hicho hadi neno la kwanza litoke. Na orodha yenyewe huwa hai kwa sababu ya mpokeaji, maana afisa huhamishwa, namba ya ofisi huacha kupokelewa, kituo hufungwa mradi unapokwisha, na habari hizo huja na mpigaji aliyerudi kulalamika kwamba alikuta mlango umefungwa.

Sasa tazama walichodai wafanyakazi wa NEDA. Walitaka watu wa kutosha zamuni, mafunzo endelevu, na nafasi ya kupanda vyeo. Walieleza wazi kwamba hawakudai hata nyongeza ya mshahara. Hayo ni masharti ya usalama wa mpigaji kabla ya kuwa maslahi ya mfanyakazi. Watu wanaosikiliza vilio kutwa kucha walisema hatutoshi, tufundisheni zaidi, wakajibiwa kwa kuondolewa. Siwezi kuuita huo ubunifu. Waliojua kazi ilipokuwa ikivuja ndio walionyamazishwa, na gharama ikaangukia mgonjwa aliyeambiwa apunguze chakula.

Tanzania ina 116. Kenya ina 116 yake na 1195 kwa waathirika wa ukatili wa kijinsia. Ofa za programu nafuu zitazifikia namba hizi, kama hazijafika, na sina ugomvi na programu inayokaa nyuma ya mpokeaji: ipange foleni, itunze kumbukumbu, imkumbushe ni ofisi ipi haijahakikiwa kwa muda mrefu. Ugomvi wangu ni na bajeti inayomhesabu mpokeaji kama gharama ya kupunguzwa. Wizara na wafadhili hupenda kuuliza simu moja inagharimu shilingi ngapi. Waulize pia ni wapigaji wangapi walipigiwa tena na mpokeaji yuleyule kutaka kujua kama walihudumiwa, na kama wapokeaji waliopo zamuni wanatosha kuifanya kazi hiyo.