Atachimenti ya bure serikalini: nani anailipia?

Wasomaji wangu, leo Linux itasubiri. Nina hasira kidogo, na hasira yenyewe ni juu ya vijana mnaowaona kwenye kona za ofisi za serikali kila Mei hadi Agosti. Wanarekebisha printa, wanatafuta faili zilizopotea, wanaingiza majina ya wananchi kwenye hifadhidata, na mwezi ukiisha hawapati hata nauli. Tunawaita wanafunzi wa atachimenti. Mimi nawaita wafanyakazi wasiolipwa, na anayetaka kubishana anisome hadi mwisho kwanza.

Niliwahi kuwa mmoja wao. Nilipokuwa mwaka wa tatu wa shahada ya sayansi ya tarakilishi, nilikaa miezi mitatu katika ofisi ya kaunti moja ambayo sitaitaja. Mfumo wao wa leseni za biashara ulikuwa ukikwama karibu kila asubuhi, na waliojua kuufufua ni mimi na mwenzangu mmoja. Tukichelewa, foleni inafika nje langoni. Mimi nilikuwa nalala kwa shangazi na kula kwa shangazi. Mwenzangu, ambaye kwa maoni yangu alikuwa fundi kunishinda, hakuwa na shangazi mjini. Wiki ya tano alishindwa na kodi ya chumba akarudi kwao. Bila atachimenti huhitimu, kwa hivyo alihitimu mwaka mmoja baada yetu. Tofauti yetu haikuwa akili wala bidii. Ilikuwa shangazi!

Na gharama huanza kabla hujaingia ofisini. Barua ya chuo, bima ya ajali unayojinunulia mwenyewe, nguo za ofisi, pengine deposti ya chumba. Pesa za HELB za kujikimu huhesabiwa kwa mihula, na atachimenti nyingi hufanyika likizo ndefu. Yaani wakati unapoitumikia serikali ndio wakati mfuko wako uko mtupu zaidi.

Mtaniambia, "Lakini si Tume ya Utumishi wa Umma inalipa wanagenzi?" Kweli, mpango wake ulioanza 2019 ulikuja na posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi, na naupongeza. Lakini ule ni wa waliohitimu tayari. Huyu ninayemsemea bado yuko chuoni, na anahitaji atachimenti ndipo ahitimu. Hata Ikulu ya Marekani, pamoja na utajiri wote ule, ilianza kulipa wanagenzi wake mwaka 2022 tu, kwa hivyo ugonjwa huu si wetu peke yetu.

Kuna wanaosema ni masomo, si kazi. Kipimo changu ni rahisi: mwanafunzi asipokuja Jumatatu, je, foleni inarefuka? Ikirefuka, hiyo ni kazi. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Wakili atasema mwanafunzi si mfanyakazi. Sawa, sibishani na mawakili. Basi msiite mshahara, iteni nauli na chakula.

Hoja ya "hakuna pesa" nayo tuifanyie hesabu. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali iliwalipa vijana wa Kazi Mtaani shilingi 455 kwa siku. Chukua kiwango hicho hicho cha kusafisha mitaro. Wiki 12, siku 5 kwa wiki, ni siku 60, sawa na shilingi 27,300 kwa mwanafunzi. Kaunti inayopokea wanafunzi 100 itahitaji shilingi 2,730,000 kwa msimu mzima. Ukitaka kujua kama pesa hizo zipo, uliza maafisa wetu huenda Mombasa mara ngapi kwa warsha.

Ugumu wa kulipa? Jamani! M-Pesa ipo tangu 2007. Chuo kinatuma orodha: namba ya usajili, kitambulisho, simu. Ofisi inatuma orodha yake ya mahudhurio kila Ijumaa. Programu inalinganisha orodha mbili, na jina lisiloonekana kote kuwili halilipwi. Hivyo umepunguza wanafunzi hewa kabla hawajazaliwa. Jumamosi pesa ziko kwenye simu ya mwanafunzi mwenyewe, bila kupitia droo ya mkuu wa idara. Kitu hiki naweza kukiandika kwa wikendi mbili (na wikendi ya tatu ya kurekebisha makosa yangu).

Hoja moja tu ndiyo inayonikosesha usingizi: ofisi zikilazimishwa kulipa, zitapunguza nafasi. Hii ni kweli kabisa. Ndiyo maana sitaki pesa zitoke kwenye bajeti ya ofisi. Ziwe za mfuko mmoja wa taifa, zimfuate mwanafunzi popote atakapopangiwa. HELB tayari ina vitambulisho na simu za wanafunzi wengi, na ndiyo inayowatumia pesa za kujikimu. Iwe ruzuku lakini, si mkopo. Kukopa ili uifanyie serikali kazi ya bure, hapo sasa ni kichekesho.

Lakini mfuko wa taifa utachukua miaka, na kuna wanafunzi watakaoripoti Mei ijayo. Kwa sasa kaunti zianze na kifungu kidogo kwenye bajeti kuu ya kaunti, kisichogusa mafungu ya idara. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kabla yake kaunti hutakiwa kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Vikao hivyo huwa na wazee na viti vitupu, watu wa tarakilishi hatuonekani. Kikao kijacho cha kaunti yetu nitaenda na karatasi moja: ile hesabu ya 27,300, na mchoro wa orodha mbili. Nimemwomba yule mwenzangu tuongozane. Siku hizi anaandika programu za benki, na amekubali.